Uliza Shangazi: "Mi Siwezi, Shangazi"

Mwezi uliopita nilimjibu dada mmoja wa Gungu hapa Kigoma aliyekuwa anaogopa kuacha kuuza duka la mtu afungue genge lake, nikamwambia aanze na meza moja jioni akishatoka kazini, aone, basi. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia kutoka Ujiji, Katonga, Kasulu, Kibondo mpaka Uvinza, na karibu zote mwishoni zina maneno yaleyale, mi siwezi shangazi. Nimechagua sita, nimezifupisha na majina nimeyatoa. Alafu kuna mlionitumia zile video za majamaa wa suti wanaopiga kelele "jiamini, wewe ni simba" mkiuliza kama zinasaidia. Ziangalieni mcheke muendelee na shughuli zenu, mi bado sijaona mtu aliyetolewa uoga kwa kupigiwa kelele.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne naishi Katonga, nauza vitenge na nguo za watoto, mzigo napeleka Kagunga na vijiji vya huko kwa boti za Kibirizi, nikirudi narudi na mawese. Mwaka juzi tulipigwa na mawimbi usiku boti ikaanza kuingiza maji, tukatupa mizigo, Mungu akasaidia tukafika, hakufa mtu. Tangu siku ile sijapanda tena. Nikifika tu Kibirizi nikasikia injini moyo unaenda mbio, mikono inalowa jasho, tumbo linavuruga mpaka natafuta choo. Mzigo nampa kijana anipelekee na kila safari hesabu haitimii. Mume wangu anasema nimekuwa mwoga kama mtoto, dada yangu anasema nimerushiwa kitu. Na ziwa Tanganyika lenyewe wanasema lina kina cha mita 1,470, nikiifikiria hiyo namba usingizi unakata. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Mumeo mwambie shangazi kamsalimia, alafu mkumbushe kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mtu aone maji yanaingia kwenye boti usiku, mizigo inatupwa, alafu kesho yake arudi Kibirizi anapiga mluzi, huyo ndio wa kumwangalia vizuri. Wewe kuogopa uko sawa kabisa. Kinachonisumbua ni kwamba siku hizi hofu ndio inakupangia biashara, nani abebe mzigo, nani auze, hesabu irudi vipi.

Sasa sikiliza kinachotokea mwilini. Mwili una kengele yake ya hatari, ikilia adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka, tumbo linavuruga maana mwili umeacha habari za kusaga chakula unajiandaa kukimbia au kupigana. Ni kitu kizuri hicho, siku ile ndicho kilichokufanya utupe mzigo wako bila kupiga hesabu ya hasara. Shida yake haijui tofauti ya boti inayozama na boti iliyofungwa kamba ufukweni, ikisikia injini tu inalia. Na wewe ukifika pale ukasikia moyo unaenda mbio ukageuza kurudi nyumbani, baada ya dakika chache unatulia, unajisikia nafuu, na kichwa kinajifunza kwamba umepona kwasababu umekimbia. Siku nyingine kinapiga kengele mapema zaidi. Ndio maana ulianza na kuogopa safari, sasa hivi unaogopa mlio.

Dawa yake inajulikana na wala sio ya kishujaa. Kuna daktari wa Afrika Kusini anaitwa Joseph Wolpe, wakati wa vita kuu ya pili alikuwa daktari wa jeshi, akawa anahudumia askari waliovurugwa na vita na akaona dawa walizokuwa wanawapa haziwasaidii vya kutosha, akaenda kutafuta njia nyingine. Mwaka 1958 akatoa kitabu kuhusu njia yenyewe. Kwa kifupi unaipanga hofu yako kuanzia kitu kinachokutisha kidogo mpaka kinachokutisha sana, unaanza chini, hupandi hatua ya pili mpaka ya kwanza imekuchosha.

Kwako wewe naona hivi. Nenda Kibirizi asubuhi bila mzigo wowote, tafuta pa kukaa, agiza chai na kitumbua, kaa uangalie boti zinapakia. Moyo utaenda mbio. Uache uende, usinyanyuke, na hapa ndio pagumu kuliko pote, usiondoke wakati moyo bado unaenda mbio, ondoka ukishatulia. Utatulia tu, mwili hauwezi kukaa kwenye hali ile siku nzima, unachoka wenyewe. Rudia mpaka uone kukaa pale kunakuboa. Ukishaboeka, omba ukae kwenye boti iliyofungwa kamba. Nayo ukiizoea, mtafute mtu wa mtumbwi unayemwamini akuzungushe kandokando mchana kweupe maji yakiwa yametulia. Kagunga ije baadaye. Na usijidanganye kwa kupanda huku umefumba macho na kushika ubao mpaka vidole vinakufa ganzi, maana ukifika salama kichwa kitasema tumepona kwasababu tulishika ubao, hapo umefanya kazi bure. Fungua macho, angalia maji, piga stori na jirani yako.

Kuna sehemu ya hofu yako sitaki uitoe hata kidogo. Nunua jaketi okozi lako mwenyewe na ulivae ulifunge, sio ulikalie. Boti ikijaza kupita kiasi shuka, nauli iende. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini unapiga sana ziwa letu kwaiyo sikiliza utabiri wa hali ya hewa na ukiona wavuvi wenyewe wamevuta mitumbwi juu usijifanye jasiri. Za usiku achana nazo. Kuhusu zile mita 1,470, kweli ziwa letu ni la pili kwa kina duniani, la kwanza ni Baikal kule Urusi, lakini mtu asiyejua kuogelea maji ya mita mbili yanamuua sawasawa na ya mita elfu moja, kwaiyo hiyo namba haikuongezei hatari yoyote, inakuongezea tu mawazo. Kama kuna mtu wa kukufundisha kuogelea mfuate, ila ulizeni wenyeji kwanza wapi hakuna mamba.

Dada yako mwambie hujarushiwa kitu, umetikiswa. Ila kama unaota ile ajali usiku unaamka unapiga kelele, au ukiwa umekaa tu unaiona tena kama inatokea sasa hivi, usipambane peke yako, nenda hospitali ya Maweni ukaulizie huduma ya afya ya akili. Wala haimaanishi umechanganyikiwa. Na yule kijana wako mpe mzigo kwa orodha iliyoandikwa na bei pembeni, hesabu zitaanza kutimia ghafla utashangaa.

SWALI: Mambo shangazi, nina miaka 26 ni fundi nguo hapa Ujiji. Kuna binti anapita mbele ya kibanda changu kila siku, ni muda sasa, nikitaka kumsemesha ulimi unakuwa mzito, najua tu atanikataa mtu mwenyewe sura ya kawaida.

JIBU: Poa mwanangu. Unajua tu? Umejuaje na hujamsalimia?

Kuna mtaalam wa saikolojia wa New York anaitwa Albert Ellis, alikuwa anasimulia mwenyewe kwamba akiwa na miaka 19 alikuwa anaogopa wanawake vibaya sana, akajipa kazi ya kwenda kwenye bustani moja kule Bronx kila siku, kila mwanamke aliyekaa peke yake kwenye benchi anakaa naye anamsemesha ndani ya dakika moja. Aliwafuata 130. Thelathini wakanyanyuka wakaondoka zao, mia akaongea nao, mmoja akakubali kuonana naye tena na hakutokea. Hesabu ya aibu hiyo, ila jamaa anasema hakuna aliyemtapikia, hakuna aliyeita polisi, na uoga wenyewe uliisha hukohuko kwenye kukataliwa. Alivyokuja kuwa daktari akawa anawapa wagonjwa wake kazi za namna hiyo.

We sikutumi kwa 130, Ujiji tunajuana. Msalimie tu. Kesho msalimie tena. Una cherehani, siku moja mwambie lile gauni kama linambana kwenye mabega unaweza kulifungua. Akisema hapana ni hapana, usimfuate njiani wala usitume watu.

SWALI: Shangazi vipi. Mi ni fundi wa kuchomelea, miaka 29, kwetu Buhigwe ila nipo hapa Mwanga. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyetoboa. Baba alifungua duka likafa, kaka zangu wawili nao hivyohivyo. Kuna mtaalam kaniambia nyota yangu imefungwa, nimempa laki na nusu na kuku wawili, mpaka leo kimya. Wenzangu wanataka tuunde kikundi tuombe mkopo wa halmashauri, mi nimewaambia ile hela ni ya watoto wa wakubwa, mtu kama mimi hata fomu yake hawaisomi. Wananiona nawakatisha tamaa lakini mi nasema ukweli.

JIBU: Mwanangu, hii barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja maana ndani yake kuna vitu vitatu umevifunga furushi moja, tuvifungue.

La ukoo kwanza. Duka la baba lilikufaje? Sijauliza kama lilikufa, nauliza lilikufaje. Mi nimekaa na wafanyabiashara wengi mji huu, ukimkalisha mtu chini akueleze taratibu unakuta alichukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, au alitoa mali kauli kwa ndugu wakapotea, au msiba ulikuja mtaji ukaenda kwenye msiba, au alikuwa hajui tofauti ya mauzo na faida. Sasa kama baba yako na kaka zako wote walikopesha ndugu, hilo ni jambo la kujifunza, sio nyota. Nenda ukawaulize, wote watatu, kila mmoja peke yake. Naona haya majibu yatakusaidia kuliko laki na nusu uliyoitoa. Na huyo mtaalam, mi sigombani na mtu na imani yake, ila ukipita kwake mwangalie na yeye nyumba anayoishi, mtu anayefungua nyota za wenzake angeanza na ya kwake.

La pili hiyo sentensi, "mtu kama mimi". Kuna daktari wa Marekani, Aaron Beck, kuanzia miaka ya 1960 alikuwa akiwafundisha wagonjwa wake waliokata tamaa kwamba wazo linalokuja kichwani sio taarifa ya habari, ni wazo, lichukue ulikague. Ushahidi wake uko wapi? Kuna maelezo mengine? Tunaweza kulijaribu tukaona? Haya tulikague la kwako. Unasema fomu yako hawaisomi. Umewahi kujaza fomu? Kwenye barua yote sijaona. Kwaiyo halmashauri hawajakukataa, umejikataa mwenyewe alafu ukawasingizia, na mbaya zaidi umeenda kuwakatalia na wenzako ambao wao walikuwa hawajajikataa.

La tatu ndio nakubaliana na wewe kidogo, na hapa wale wa suti hawatanipenda. Sio kila kizuizi kiko kichwani. Ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, yani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, imekuwa na mizengwe mpaka serikali yenyewe ikaisimamisha mwaka 2023 kurekebisha utaratibu, ikarudi 2024. Kwaiyo ukisema kuna watu wanapita mlango wa nyuma siwezi kukwambia unaota. Ila mlango wa mbele nao upo, na mkopo wenyewe hauna riba, sasa ukilinganisha na kausha damu mi ningejaza fomu hata kama nina mashaka. Wasiwasi wako usikuzuie kwenda, ukufanye uende na karatasi zako zimekamilika, kila ukipeleka kitu ubaki na kopi.

Na usianze na fomu. Mtaalam mwingine, Albert Bandura, mwaka 1977 aliandika kwamba mtu kuamini kwamba anaweza kunatoka kwanza kwenye kufanya kitu akafanikiwa hata kama ni kidogo, pili kumuona mtu wa hali yake amefanya, maneno ya kutiwa moyo yanakuja nyuma huko. Kwaiyo nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, muulize ni kikundi gani cha mafundi kimewahi kupata, mwende kuwatembelea wewe na wenzako, muwaulize walikwama wapi. Ukiwaona ni watu wenye mikono myeusi kama yako na bado walipata, nadhani ile sentensi ya mtu kama mimi itakosa pa kukaa. Ukikuta hakuna hata kikundi kimoja niandikie tena, hapo tutaongea mengine, na sitakwambia ni nyota.

SWALI: Shikamoo shangazi, nasoma kidato cha tano, nimetokea kijijini Kibondo. Darasani majibu nayajua lakini kusimama kuongea Kiingereza siwezi. Nilipokuwa form two nilikosea neno darasa zima likacheka na wengine mpaka leo wananiitia lile neno. Pia wanacheka lafudhi yangu ya Kiha. Mwalimu akianza kuuliza natazama chini. Nahisi kila mtu ananiangalia. Labda mi sina kichwa cha Kiingereza.

JIBU: Marahaba mwanangu. Ungekuwa huna kichwa usingefika kidato cha tano, mitihani yote uliyofanya tangu form one ukitoa somo la Kiswahili ilikuwa kwa lugha gani? Umesoma shule ya msingi miaka saba kila kitu Kiswahili, na kabla ya hapo nyumbani ni Kiha, alafu Januari moja wakakugeuzia meza, baiolojia Kiingereza, jografia Kiingereza, na mwalimu mwenyewe akibanwa anarudi Kiswahili. Lugha ya tatu hiyo mwanangu. Mtoto wa mjini anayekucheka lafudhi muulize yeye ana ngapi.

Kuhusu kwamba kila mtu anakuangalia, mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa chuo kikuu cha Cornell kule Marekani walitoa utafiti mmoja nausimuliaga sana. Walimvalisha mwanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji ambaye vijana walikuwa wanaona ni ushamba, wakamwingiza kwenye chumba chenye wenzake, alafu wakamuuliza unadhani wangapi wameona picha. Wakarudia kwa wanafunzi wengi. Waliovaa walikadiria karibu nusu ya watu wameona, kumbe waliokuwa wameona ni kama robo. Yani aibu yetu tunaiona kubwa mara mbili ya inavyoonekana. Sikwambii hakuna atakayecheka, wapo, ila wengi darasani wako bize wanaomba wao wasiitwe.

Fanya hivi. Wiki ijayo usijibu swali, uliza. Kuuliza ni rahisi maana unaliandaa usiku, sentensi moja, unaliandika, unalisema peke yako mara kadhaa, asubuhi unakuwa wa kwanza kunyoosha mkono kabla moyo haujaanza ngoma zake. Kabla hujaingia darasani andika nyuma ya daftari unachotabiri, kwa mfano "watacheka wote na mwalimu atanikasirikia". Ukitoka andika kilichotokea, kwa uaminifu, kama walicheka wawili andika wawili. Usitupe hizo karatasi. Na siku ukikosea neno, sema sorry, lirudie vizuri, endelea, usikae chini katikati ya sentensi, maana ukikaa ndio umekimbia.

Hilo la kukuitia neno mpaka leo sio la kuvumilia. Mwambie matroni au mwalimu wa malezi.

SWALI: Habari shangazi. Nafundisha shule ya msingi Kasulu mwaka wa kumi na moja, juzi nimeteuliwa kuwa mwalimu mkuu. Badala ya kufurahi silali. Nahisi wamekosea jina, nahisi siku moja watagundua sijui kitu. Kuna walimu wa kiume wamenizidi umri wananiangalia kwa jicho fulani. Nimeandika barua ya kukataa, ipo kwenye mkoba, sijaipeleka.

JIBU: Nzuri mwalimu, na hongera, maana naona hakuna aliyekupa hata mwenyewe hujajipa. Barua iache hukohuko kwenye mkoba.

Unachosikia kina umri mkubwa kuliko uteuzi wako. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa kike wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa, wana digrii, wana vyeo, wanaheshimika, na ndani wanaamini wamebahatisha, kwamba kuna siku watafumwa. Wakifanya vizuri wanasema ni bahati, wakikosea wanasema unaona sasa. Ukiwa na mizani ya hivyo hakuna siku itakaa sawa.

Lakini mwalimu nikuulize, kuna kitu gani hasa hujui? Kiandike. Nadhani utaandika mahesabu ya fedha za shule, vikao vya kamati, namna ya kumwonya mwalimu mtoro aliyekuzidi umri. Sasa hivyo sio uoga, ni vitu hujafundishwa, na vinafundishika, kuna ADEM, wale wakala wa uongozi wa elimu wa Bagamoyo, kazi yao ndio hiyo, ulizia halmashauri kama kuna nafasi za mafunzo. Na mtafute mwalimu mkuu mwanamke mmoja wa kata ya jirani uwe unampigia jioni, atakwambia kuhusu hao wenye jicho fulani mambo ambayo mi siwezi kuyaandika hapa. Wala jicho hilo hulioti, lipo. Mwanamke akipewa ofisi kuna watu wanakaa kusubiri ateleze. Kwaiyo ukiitikisa ile hofu utakuta nusu yake ni kutojua, robo ni macho ya watu, na kilichobaki ni kidogo unaweza kwenda nacho kazini.

SWALI: Bibie, mimi nimestaafu reli, nadhani nakuzidi umri. Nina mjukuu wa miaka mitatu na nusu anaogopa mbwa, akimwona hata kwa mbali analia mpaka anakauka. Baba yake anamshika kwa nguvu anamsogeza kwa mbwa wa jirani ili "azoee". Mimi naona anamharibu, yeye anasema nimewadekeza. Sisi tulilelewa kwa fimbo na tulikuwa sawa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Wewe uko sahihi, ingawa hilo la fimbo tutaligombania siku nyingine.

Baba mtu wazo lake la kumzoesha ni zuri, mwendo ndio mbaya. Hii ilishafanywa zamani ikaandikwa mwaka 1924, mama mmoja wa Marekani anaitwa Mary Cover Jones alipewa mtoto anaitwa Peter, umri karibu miaka mitatu, anaogopa sungura. Hakumshika kwa nguvu. Alikuwa anamkalisha kwenye kiti anampa chakula anachokipenda, sungura yuko kwenye tundu mbali, mtoto anakula. Siku nyingine tundu linasogezwa kidogo, mtoto anakula. Akionyesha wasiwasi linarudishwa nyuma. Pia aliwaleta watoto wengine wasioogopa wakacheza na sungura Peter akiwa anaangalia. Ikafika mahali Peter anakula huku mkono mmoja unamshika sungura. Mtoto akishikwa kwa nguvu anajifunza vitu viwili, mbwa ni hatari na baba naye sio wa kumkimbilia.

Kwaiyo mzee wangu, chukua ndizi mbivu au chochote anachokipenda, kaa naye kibarazani, mbwa wa jirani awe amefungwa upande wa pili wa uwanja, mle mpige stori kuhusu huyo mbwa, jina lake, anakula nini. Yeye ndio aamue lini msogee. Akiona babu anamgusa mbwa kwa utulivu itasaidia zaidi kuliko maneno. Baba yake muite akae hapo kibarazani aangalie, asishike mtu.

Ila msimtoe hofu yote. Afundishwe kwamba mbwa asiyemjua hashikwi, anayekula hasogelewi, anayemfukuza mtu hakimbiwi kwa kelele, unasimama tu umetulia mikono chini. Kabla hamjaanza muulizeni jirani kama mbwa wake amechanjwa kichaa cha mbwa, akisema bado subirini achanjwe kwanza. Na ikitokea bahati mbaya akang'ata, kidonda kioshwe papohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, alafu mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni mkwaruzo, hizo sindano hazisubiri kesho.